Senta ya meno manne, meno mawili au pete? Zote nimezifunga, hesabu yangu ni hii

Hii ni habari ya senta, kile kichuma kinachoishika na kuizungusha mbao kwenye mashine ya kukereza, yaani ya kuchonga mbao ikiwa inazunguka. Nianze na hukumu, maana najua kuna anayesoma haya amesimama kaunta na muuzaji anamkodolea macho. Kama unakereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na vifimbo vya chapati, yaani mbao ndefu inayoshikwa pande mbili, nunua senta ya pete yenye ncha ya springi. Kama unakereza magogo mabichi na mabakuli, iweke na ya meno mawili kwenye droo. Ile ya meno manne iliyokuja na mashine usiitupe, ila usiiamini kabla hujaipitishia tupa. Ukiwa na muda, kaa nikueleze nilivyofika hapo. Nimefika kwa hasara.

Niko Moshi, Pasua. Banda langu ni la mabati, mashine moja ya kukereza, msumeno wa mkanda mmoja na vijana wawili wanaojifunza. Kazi alinifundisha mjomba, naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Senta kwake ilikuwa "hiyo chuma". Akisema "funga hiyo chuma," unafunga. Nimekereza miaka minne bila kujua kwamba hiyo chuma ina aina zake na kwamba nusu ya matatizo yangu yalikuwa yanatoka hapo.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: mbao kwenye mashine ya kukereza inashikwa sehemu mbili. Upande wa mkia kuna senta inayoikandamiza. Upande wa kichwa, kwenye mota, kuna senta inayoishika na kuizungusha, na hii ya kichwani ndiyo ninayoisema leo. Ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, nyuma kimechongoka kama karoti, mbele kina meno, na katikati ya meno kuna ncha tunayoiita sindano. Watu wananunua mashine kwa mamilioni, wanabembeleza bei ya patasi wiki nzima, lakini kipande hiki hawakiulizi hata jina. Nacho ndicho kinachoamua kama mbao itabaki kwenye mashine au itakuja kukusalimia usoni.

Senta ya kwanza kuinunua kwa hela yangu niliifuata Arusha. Ile ya kwenye mashine sindano yake ya katikati ilikuwa imelegea, inacheza kama jino la mtoto. Nikapanda basi asubuhi, kilomita 80 hivi, nikazunguka maduka ya vifaa mpaka viatu vikaniuma. Kwenye duka moja, sitalitaja, nikakuta senta tatu kwenye kabati la kioo zimelala na vumbi lake. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Dada, fundi amekutuma ya namba ngapi?" Nikamwambia fundi ni mimi. Akatabasamu kidogo, akatoa moja nzito, inang'aa, akaipima kiganjani kama anauza dhahabu. "Hii inaingia mashine zote, dada yangu."

Hakuna senta inayoingia mashine zote. Ule mchongoko wa nyuma unaitwa tepa ya Morse, kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyeubuni katika karne ya 19, na mpaka leo viwanda vya dunia nzima vinafuata namba zake. Namba 1, sehemu yake nene ni milimita 12 hivi. Namba 2 ni karibu 17.8. Namba 3 ni karibu 23.8. Mashine ndogo za mbao nyingi ni namba 1 au 2, na yangu ni 2. Niliyouziwa ilikuwa namba 3. Niligundua saa moja usiku, niko Pasua, taa imening'inia juu ya mashine: hata ule mwisho mwembamba wa senta ulikuwa mnene kuliko mdomo wa mashine yangu. Haikuingia hata ukucha. Nilipopiga simu kesho yake nikasomewa maandishi ya ukutani, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Kwa hiyo nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, au bora zaidi beba senta yako ya zamani kwenye mkoba, uziweke pamoja hapo hapo kaunta. Anayekuuzia akikasirika, mwache akasirike.

Na tepa yenyewe ina adabu zake. Haifungwi kwa nati wala skrubu, inashika kwa msuguano tu, chuma juu ya chuma. Ifute kwa kitambaa kikavu, na mdomo wa mashine uufute kwa ndani. Punje moja ya mchanga wa msasa inatosha kuifanya senta iyumbe, na mbao itakayotoka hapo itakuwa na unene wa upande mmoja. Mimi nilikuwa naipaka grisi ili itoke kirahisi. Ilitoka kirahisi kweli: siku moja mbao imesimama, senta nayo imesimama, mashine inazunguka kwa raha zake. Kuitoa hakuhitaji grisi. Kichwa cha mashine nyingi kina tundu linalopita katikati, unaingiza ufito wa chuma kwa nyuma, unagonga mara moja huku mkono mwingine umeidaka senta. Ukisahau kuidaka, itaanguka kwa meno. Sakafu ya sementi ndiyo inayoua senta nyingi kuliko mbao.

Sasa meno manne.

Kwa macho inapendeza. Mtu anafikiri manne yanashika mara mbili ya mawili. Fikiria stuli ya miguu minne kwenye sakafu ya udongo: miguu miwili inagusa, miwili inaelea, na unakaa ukiyumba. Kichwa cha mbao kilichokatwa kwa msumeno wa mkono hakiwi sawa, kwa hiyo meno mawili yanazama na mawili yanagusa hewa. Hayo mawili ndiyo yanayobeba kazi yote, na unapoanza kukwangua pembe za mbao ya mraba, kila pembe ikigonga patasi, meno hayo yanazidi kupanua mahali pake.

Mwaka juzi nilipata kazi ya nguzo 64 za ngazi, nyumba iko Kibosho. Mnajua Desemba ya huku. Wachagga wote wanarudi nyumbani, na kila mwenye nyumba mpya anataka ngazi imekamilika kabla ndugu hawajashuka kwenye magari. Mbao ilikuwa grevilea, ule mti wa kivuli cha kahawa uliotoka Australia, siku hizi uko kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani la Wachagga. Ni mbao nzuri kukereza, inatoa uso wenye madoa kama magamba ya samaki, ila kichwa chake kikikauka kinapasuka kirahisi. Mimi na nyundo yangu nikawa nagonga senta ya meno manne kwenye kila kichwa. Meno manne yaliyopangwa kama msalaba ni kabari nne. Katika nguzo 64, sita ziliishia jikoni kwa mama. Nne niliziona zikipasuka papo hapo. Mbili ndizo zilizoniuma: ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, ukajificha mpaka nimemaliza umbo lote na nimeshapiga msasa, ndipo ukajitokeza ukipanda kutoka kichwani hadi kwenye shingo ya nguzo. Saa mbili za kazi, halafu kuni.

Kwenye mbao ngumu tatizo linageuka. Mpingo ni mzito, mita moja ya ujazo inapita kilo 1,000, ukiutupa majini unazama. Meno butu ya kiwandani hayauingii. Unakaza mkia, unawasha, unaweka patasi, na mara mbao imesimama huku senta inazunguka kichwani mwake, inajichimbia shimo la mviringo, na harufu ya kuungua inajaa banda. Ukishachimba shimo hilo, mahali hapo pamekufa, lazima ukate kichwa chote uanze upya. Na mpingo hauna bei ya kukatwakatwa.

Nisiionee lakini. Meno manne yanafanya kazi ukiyaandaa. Kwanza kata kichwa cha mbao kiwe sawa kweli, siyo sawa cha macho. Piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ili kupata kati. Kwenye mbao ngumu pitisha msumeno juu ya mistari hiyo, kina cha milimita tatu hivi, meno yapate mfereji wa kukaa. Toboa kitundu kidogo cha sindano. Kisha noa meno: upande unaosukuma ubaki wima, mgongo ndio upigwe tupa uwe mshazari, kama patasi. Nyingi zinakuja na meno manene kama ya ng'ombe mzee. Mwisho angalia sindano. Itangulie meno kwa milimita mbili au tatu. Ikiwa ndefu sana, meno hayafiki kwenye mbao. Ikiwa fupi, senta inatangatanga wakati wa kuiweka na mbao haizunguki kati. Nyingi zina skrubu ndogo ubavuni ya kurekebisha sindano hiyo. Yangu ilikuwa nayo miaka yote minne, nilidhani ni doa.

Halafu hili la nyundo, na hapa nanong'ona kwa sababu nimelifanya kwa miaka. Usigonge mbao ili iingie kwenye senta wakati senta iko kwenye mashine. Kila pigo linapita kwenye spindo, ule mhimili unaozunguka, na kutua kwenye beringi. Mashine yangu ilianza kuguna kama paka aliyeshiba, nikadhani ni mkanda, nikabadilisha mkanda, ikaendelea kuguna. Fundi alipofungua, beringi zote mbili zilikuwa zimekwisha. Toa senta, iweke juu ya mbao kwenye benchi, gonga kwa nyundo ya mti. Nyundo ya chuma nayo inaharibu mwisho wa tepa, unavimba kama kichwa cha uyoga, na senta haikai tena.

Baada ya nguzo za Kibosho nikaenda kwa mzee mmoja anayekereza chuma, sisi tunamwita Meku kwa heshima. Kazi alijifunza enzi zile pale Machame, kiwanda cha mashine. Nikamwamkia, nikamwekea mezani ile senta ya namba 3 pamoja na ya zamani, nikamwambia nataka ya meno mawili. Akaiangalia ya namba 3 muda mrefu. "Mwanangu, hii ulinunua au uliokota?" Nikamwambia nilinunua. Akasema pole, akaendelea na kazi.

Chuma chake ni shafti kuukuu ya gari. Siku mbili baadaye nikaenda kuichukua, akanifundisha kitu ambacho wenye maduka hawatakufundisha. Alichora mistari mitatu ya chaki kwenye tepa kutoka juu hadi chini, akaisukuma kwenye kipande cha majaribio, akaizungusha kidogo, akaitoa. Chaki ilikuwa imefutika upande mnene tu. Maana yake tepa inagusa mdomoni na huko ndani inaelea, kwa hiyo itayumba. Akairudisha kwenye mashine, akapunguza kidogo sana, akachora tena. Mara ya tatu chaki ikafutika sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Fanya jaribio hilo kwa senta yoyote unayonunua, hata inayong'aa, hata yenye boksi.

Kosa lake lilikuwa moja. Alizipika mno zile ncha, chuma chekundu moja kwa moja kwenye oili chafu, na jino moja likakatika pembe kwenye mpingo ndani ya wiki. Nikamrudishia. Hakubishana. Akalinoa upya, akazipasha tena polepole mpaka zikapata rangi ya majani makavu, akaziacha. Huu ni mwaka wa tatu, hazijakatika. Alinitoza elfu thelathini na tano, ukarabati bure, na chai nikanywa.

Meno mawili yana akili yake. Kwa kuwa ni mawili tu, yote mawili yatagusa hata kichwa kikiwa kimekatwa upande, hata kikiwa na gamba. Kwa gogo bichi la mringaringa linalotoka kwenye shina, lenye kitako kisicho na umbo, hakuna kinachoishinda. Tena unaweza kuliinamisha gogo kidogo kwenye meno hayo mawili kama pembea, ukisogeza upande wa mkia mpaka uzito ulingane, ndipo ukaze. Meno manne hayakupi nafasi hiyo. Ukiliweka gogo kwa ubavu ili utoe bakuli, hakikisha meno yanakatiza nyuzi za mbao. Yakilala sambamba na nyuzi, umetia shoka kwenye gogo la kuni. Na kwenye kichwa cha mbao ndefu, usiyaweke kwenye mstari wa ufa uliopo. Hilo ni la kuona kwa macho lakini nimelikosea mara mbili.

Ubaya wake ni kwamba inashika kwa ukatili. Siku patasi iliponing'ata, ilikuwa mguu wa meza wa mkongo. Niliteremsha mkono kidogo, kona ya patasi ikazama, na senta haikutaka kuachia. Mbao ikachomoka upande wa mkia, ikageuka, ikapiga bati la ukuta juu ya kichwa cha kijana wangu. Bati lina bonde mpaka leo. Yeye alikuwa ameinama kuokota penseli. Sijawahi kumgombeza tena kwa kuangusha penseli.

Ndiyo maana pete imenikaa moyoni.

Senta ya pete haina mabawa ya meno. Ina mdomo wa mviringo kama kifuniko cha chupa ya soda, meno madogo madogo kuzunguka ukingo, na katikati sindano inayokaa juu ya springi. Unaweka sindano kwenye kitundu cha kati, unazungusha usukani wa mkia, sindano inarudi ndani taratibu na pete inakuja kuuma mbao kwa pamoja pande zote. Hakuna nyundo. Hakuna kabari, kwa sababu meno yamepangwa kwenye duara na hayasukumi mbao kupanuka. Tangu nianze kuitumia kwenye grevilea, sijapasua kichwa hata kimoja, na nimeshapitisha nguzo zaidi ya mia tatu.

Kikubwa chake hasa ni kwamba inajua kuachia. Inashika kwa kadiri ulivyokaza mkia, basi. Patasi iking'ata, mbao inasimama na pete inaendelea kuzunguka juu yake, unasikia tu "krrr". Siku ya kwanza nilipoifunga, yule yule kijana wa penseli alizamisha kona ya patasi kwenye kifimbo cha chapati, kosa lile lile langu. Mbao ikasimama. Akageuka akaniangalia kama mtu aliyepitwa na basi kwa inchi moja. Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu kwa makusudi, na mara ya nne akajua kona isiingieje. Mimi mjomba hakunipa nafasi ya kukosea mara tatu, kwa kuwa senta yake isingetoa nafasi hiyo. Kwa anayejifunza nakaza kidogo tu. Mimi ninapovunja pembe za mbao ya sentimita saba nakaza sana, kisha baada ya dakika moja nazima, nakaza tena robo mzunguko, maana meno yakishazama mbao inalegea.

Faida nyingine sikuitarajia: kurudisha mbao. Nguzo za ngazi lazima zifanane, kwa hiyo unaitoa, unailinganisha na ya mfano, unakuta shingo bado nene, unairudisha. Kwa meno manne lazima kila jino lirudi kwenye shimo lake, ukikosea unayumbisha. Kwa pete, sindano inatafuta kitundu chake yenyewe. Unaweza hata kugeuza kichwa kiwe mkia na bado ikazunguka kati. Nikiwa na haraka natoa mbao bila kuzima mota, nalegeza usukani tu na mbao inasimama mkononi. Vijana nimewakataza. Najua hiyo si haki.

Kasoro zake ziko. Kichwa kisichokatwa sawa inakikataa, itashika upande mmoja na kuteleza. Mbao mbichi inaitafuna, meno yanajaa uji wa mbao na utomvu, unabaki unakaza na unateleza, mpaka uisafishe kwa brashi ya waya. Gogo zito lisilo na ulinganifu usilijaribu hapo. Na kwa kuwa kila kitu kinategemea mkandamizo, kwenye mbao nyembamba na ndefu ukikaza kama unavyokaza mguu wa kitanda, mbao inapinda katikati kama upinde, inaanza kutetemeka na kuimba, na patasi inaacha alama za mzunguko kama za nanasi. Hapo ni kukaza kwa vidole viwili.

Yangu ni Stebcentre ya Robert Sorby, watengenezaji wa Sheffield, Uingereza. Aliniletea mteja anayefanya kazi huko, tukaikata kwenye hesabu ya milango yake kwa laki mbili na ishirini. Ndiyo, ni hela. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikapiga hesabu ya nguzo sita za Kibosho, beringi mbili na bati lenye bonde, nikaacha kununa. Kabla ya hapo nilijaribu ya bei rahisi, elfu sitini na tano, haina jina, imeandikwa namba ya tepa tu. Nayo ilianza vizuri. Mwezi wa pili springi ikachoka, sindano ikaingia ndani na haikutoka, na meno yakalala kama nyasi zilizokanyagwa. Si kwamba za bei rahisi zote ni mbaya, ila kabla hujalipa bonyeza sindano kwa kidole gumba mara kumi. Irudi yote, kila mara, kwa nguvu ile ile. Kisha kwaruza jino moja kwa tupa ndogo: tupa ikila kama inakula msumari laini, rudisha kabatini.

Kuna ya nne, kikombe. Ni kama pete lakini haina meno, ukingo tu na ncha katikati. Meku alinitengenezea kutoka kwenye boliti kubwa, elfu kumi na mbili. Inashika kwa msuguano, kwa hiyo haifai kuvunja pembe za mbao. Naitumia kwa msasa na kwa vitu vidogo ambavyo sitaki alama ya meno, kama vishikio vya droo. Kwa mtoto wa shule anayejaribu patasi mara ya kwanza, hiyo tu.

Sharti moja kwa pete na kikombe: mkiani weka senta ya beringi, inayozunguka pamoja na mbao. Wenye mashine za zamani mnajua ile isiyozunguka, tunayoipaka nta au sabuni ya kipande ili isiunguze. Kwa mkandamizo wa pete, sabuni haitoshi. Mbao itafuka moshi, itatoka na duara jeusi kitakoni, na mteja atakuuliza kama uliichoma.

Skrubu ya bakuli, ile senta inayoingia kwenye mbao kama skrubu badala ya kuuma kwa meno, sitaizungumzia sana, mabakuli nakereza machache. Inafaa kwa gogo fupi pana linaloshikwa upande mmoja, siyo kwa mbao ndefu. Anayekuuzia skrubu kwa miguu ya kitanda anataka kumaliza mzigo wake.

Kwa hiyo kwenye banda langu sasa hivi, grevilea na mringaringa kavu zinapanda pete. Mpingo nao pete, ila nauchimbia kwanza kitundu cha sindano na kukaza mara tatu. Magogo mabichi na chochote chenye gamba kinaenda kwa meno mawili ya Meku, na vijana nawasogeza hatua tano nyuma. Ya meno manne, baada ya kuinoa, imekuwa muhuri: naigonga mara moja juu ya benchi kwenye kichwa cha kila mbao ili kuweka alama ya kati, naitoa, nafunga pete. Ya namba 3 ya Arusha ndiyo inayozuia mlango wa banda usipigwe na upepo. Ni nzito, kazi hiyo inaiweza vizuri sana.